Tumsome Mtafiti Kabla ya Kumhesabu

Kila mwaka, inapotolewa orodha ya wanasayansi wanaohesabiwa kuwa miongoni mwa asilimia 2 wanaonukuliwa zaidi duniani, vyuo vikuu vyetu huingia katika msimu wa pongezi. Picha za maprofesa husambazwa, idara hutajwa kwa majina, na makamu wa chansela hupata la kusema katika mahafali. Sina kinyongo na pongezi hizo. Orodha yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2019 na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzake kwa kutumia hifadhidata ya Scopus, ni kazi ya makini kuliko wanavyodhani wengi wanaoishangilia. Kinachonisumbua ni kwamba, shamrashamra zikishatulia, ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza profesa huyo aligundua nini, aligundua wapi, na ugunduzi wake unamfaa nani. Pongezi isiyojua inapongeza nini ni kilemba cha ukoka.

Swali hilo lina uzito wa pekee huku kwetu magharibi mwa Kenya, kwa sababu ukanda unaozunguka Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu za Afrika zilizochunguzwa sana na sayansi ya tiba na ya wadudu. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ina kituo kikubwa Kisian, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kituo cha icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, kiko Mbita, upande wa pili wa ghuba ya ziwa hilo. Kuna chuo kikuu Maseno, kingine Bondo, kingine Kakamega, na ukipanda hadi Nakuru kuna Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro pamoja na kituo cha serikali cha utafiti wa ngano. Watu wengi wanaofanya kazi katika maabara hizi ni wataalamu wa biolojia ya molekuli, yaani wanaosoma jeni na protini za mbu, vimelea, virusi, kuvu na mimea. Ninachodai ni hiki: kwa mtaalamu wa namna hiyo anayefanyia kazi hapa, idadi ya mara alizonukuliwa hueleza zaidi nafasi aliyopewa katika mtandao wa utafiti kuliko inavyoeleza ukubwa wa alichokigundua.

Vipimo vyenyewe si vigumu kuvielewa. Eugene Garfield, Mmarekani aliyetoa wazo lake mwaka 1955 na kuanza kuchapisha faharasa ya kunukuliwa kwa makala za sayansi mwaka 1964, alikusudia kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Katika shughuli hiyo ndimo kilimozaliwa kigezo cha athari cha jarida: unahesabu ni mara ngapi makala ambazo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, kisha unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Kigezo hicho hupima jarida. Hakipimi makala moja moja, na hakimpimi mtu kabisa, ingawa majopo ya kupandisha vyeo hukitumia kana kwamba kimeandikwa kwenye paji la uso wa mgombea. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo cha mtu, kinachojulikana kama fahirisi h: mtafiti ana h ya 5 ikiwa makala zake 5 zimenukuliwa angalau mara 5 kila moja, na h ya 20 ikiwa makala 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja.

Urahisi wa fahirisi hiyo ndio mvuto wake, na ndiyo hatari yake. Tuseme mtafiti wa kwanza ana makala 6 zilizonukuliwa mara 400, 90, 12, 6, 5 na 3. Wa pili ana makala 6 zilizonukuliwa mara 9, 8, 7, 6, 5 na 5. Wote wawili wana h ya 5, ilhali makala za wa kwanza zimenukuliwa mara 516 kwa jumla na za wa pili mara 40. Huenda wa kwanza ana makala moja iliyobadilisha fani nzima. Huenda pia makala hiyo ya mara 400 ina waandishi 60 na yeye ni wa 37. Tarakimu hazikwambii ni lipi kati ya hayo mawili, na njia pekee ya kulijua ni kuifungua makala.

Anayeifungua hukutana na jambo ambalo wasio wanasayansi hawalitarajii: makala zinazonukuliwa kupita zote kwa kawaida hazina ugunduzi mkubwa ndani yake, bali zina mbinu. Makala iliyowahi kunukuliwa kuliko nyingine zote katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza jinsi ya kupima kiasi cha protini katika myeyusho. Hesabu iliyofanywa mwaka 2014 iliikuta imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Ya pili katika orodha hiyo ilikuwa ya Ulrich Laemmli ya mwaka 1970 na ya tatu ya Marion Bradford ya mwaka 1976, nazo pia ni mbinu za maabara zinazohusu protini. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haikuingia hata katika 100 za kwanza. Lowry mwenyewe aliwahi kuandika kwamba anajua si makala kubwa, ingawa hakuficha kwamba umaarufu wake ulimfurahisha.

Mfano wa karibu zaidi uko Kisian. Mbu aliyenaswa Asembo au Ahero hufika maabara akiwa amekaushwa ndani ya kichupa kidogo chenye nambari. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, mbu wawili kati ya wanaoongoza kwa kueneza malaria katika ukanda huu, hawatofautishiki kwa macho, hata ukiwaweka chini ya hadubini, lakini tabia zao ni mbalimbali: wa kwanza hupendelea sana damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, wa pili huridhika na ng'ombe na hulala nje. Asiyejua ni yupi aliyemshika hawezi kusema kama chandarua kinafanya kazi au hakifanyi. Basi fundi wa maabara hukwanyua mguu mmoja wa mbu kwa koleo, husaga, hutoa DNA, huiweka katika mashine ya PCR inayonakili kipande cha DNA mara nyingi, kisha huipitisha kwenye jeli na kuitazama chini ya taa ya urujuanimno. Mstari ukitokea penye urefu wa jozi 390 za besi, mbu ni gambiae. Ukitokea penye 315, ni arabiensis. Utaratibu huo ulichapishwa mwaka 1993 na Scott, Brogdon na Collins katika makala fupi tu, na tangu wakati huo kila anayeukwanyua mguu wa mbu, kuanzia mwanafunzi wa shahada ya uzamili hadi mkuu wa idara, hulazimika kuwanukuu. Wanastahili. Hata hivyo, wingi wa kunukuliwa kwao unatokana na kwamba kazi yao ni hatua ya lazima katika kazi za wengine, wala hatuwezi kuutumia kumlinganisha mtu aliyetunga mbinu na mtu aliyeitumia mbinu hiyo kugundua kwamba mbu wa kijiji fulani wameanza kuvumilia dawa.

Suala la usugu wa mbu linastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu liliripotiwa hapa mapema na linaonyesha vizuri jinsi sifa inavyogawanywa. Mwaka 1994 John Vulule wa KEMRI na wenzake waliripoti kwamba katika vijiji vya magharibi mwa Kenya vilivyokuwa vikitumia vyandarua na mapazia yaliyotiwa dawa ya permethrin, mbu aina ya Anopheles gambiae walikuwa wameanza kupungukiwa na wepesi wa kuuawa na dawa hiyo. Wakati huo dunia ilikuwa ikijiandaa kuweka matumaini yake yote katika vyandarua vyenye dawa. Kusema wakati kama huo kwamba dawa inaanza kuzoeleka kulihitaji ujasiri, na kulihitaji zaidi kuwapo kijijini, kuwafuga mbu, kuwaweka juu ya karatasi zenye dawa, na kuhesabu dakika hadi wanapoanguka.

Mbu hao walizalisha ukoo wa maabara, na mwaka 2000 chanzo kimojawapo cha ustahimilivu wao kilielezwa katika kiwango cha jeni. Dawa za jamii ya pyrethroid, ambamo permethrin imo, humuua mdudu kwa kuzuia mlango wa sodiamu wa neva zake usifunge, hivi kwamba neva hupiga bila kukoma mpaka mdudu anapooza. Katika mbu hawa wa Kenya, herufi moja ya jeni inayotengeneza mlango huo ilikuwa imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 1014 (asidi amino ni vijenzi vya protini), ambayo kwa kawaida ni lusini, ilikuwa imekuwa serini. Miaka miwili kabla, watafiti walikuwa wameeleza badiliko la mahali hapo hapo katika mbu wa Afrika Magharibi, ila kule lusini iligeuka fenilalanini. Hivyo likaja jina la badiliko la mashariki na badiliko la magharibi, ambayo hadi leo hupimwa katika maabara za malaria barani kote. Makala ya mwaka 2000 ina waandishi 6. Hilary Ranson ni wa kwanza, Frank Collins, yule yule wa mguu wa mbu, ni wa mwisho, na Vulule ni wa tatu.

Simlaumu mtu kwa mpangilio huo. Uchambuzi wa jeni ulifanywa na waliotajwa kwanza na mwisho, na desturi ya fani hii inaeleweka: wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika, wa mwisho ndiye mwenye maabara na fedha, na walio katikati walichangia kwa njia mbalimbali. Lakini tuitazame desturi hiyo kwa macho ya jopo la kupandisha vyeo. Orodha ya Ioannidis, kwa mfano, imejengwa juu ya vipengele 6, na vitatu kati yake hutazama tu makala ambazo mtafiti ni mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho. Anayekaa katikati hapati chochote katika vipengele hivyo vitatu. Kwa mantiki ya orodha jambo hilo ni sawa, kwa kuwa linazuia watu kujazia wasifu kwa kubandikwa majina kwenye makala za wengine. Kwa hali halisi ya Kisumu lina maana nyingine kabisa: mtu aliyeliona tatizo miaka sita kabla, aliyekuwa na mbu na aliyejua vijiji, huonekana katika hesabu kama msindikizaji.

Na si yeye peke yake. Uchunguzi wa makala 7,100 za utafiti wa afya barani Afrika zilizochapishwa kati ya mwaka 2014 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walitoka katika nchi iliyochunguzwa. Pale waliposhirikiana na vyuo vikuu vya Marekani vilivyo katika ngazi ya juu kabisa, sehemu hiyo ilishuka hadi asilimia 23. Asilimia 13.5 ya makala zote hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi husika. Yaani ilitoka damu, vikatoka vijiji, zikatoka sampuli, na jina halikutoka.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo hilo, nao humpendelea mtafiti wa hapa kupita kiasi. Majaribio makubwa ya kitabibu huwa na waandishi wengi na hunukuliwa mno. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, na vitatu kati ya vituo hivyo vilikuwa Kenya: Kilifi, Kombewa na Siaya. Chanjo hiyo hatimaye ilianza kutolewa katika kaunti ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi mwaka 2021. Aliyeshiriki katika kazi ya namna hiyo, hata kama wajibu wake ulikuwa kusimamia friza za sampuli kwa uaminifu, hupata mlima wa kunukuliwa ambao mtu anayekaa peke yake Bondo akichunguza kimelea cha samaki hataufikia maishani. Ni kazi halali na ya lazima. Ila atakayewaweka wawili hao kwenye mizani moja kwa kutazama fahirisi h atakuwa amepima ukubwa wa kikundi tu.

Hata matokeo ya jaribio moja huweza kugawanywa kwa njia zinazobadilisha hesabu. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990 ulichapishwa mwaka 2003 kama toleo maalumu lenye makala nyingi, kila moja ikiangalia upande wake: vifo vya watoto, upungufu wa damu, mbu, gharama. Moja kati ya makala hizo ilionyesha kwamba hata watu wasio na vyandarua walinufaika ikiwa boma lao lilikuwa ndani ya mita 300 kutoka kijiji chenye vyandarua. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa matokeo muhimu kabisa yaliyowahi kutoka kaunti ya Siaya, kwa kuwa iliwapa wapangaji wa afya sababu ya kugawa vyandarua kwa jamii nzima. Utafiti huo ungeweza pia kuchapishwa kama makala mbili nene, na faida kwa umma isingepungua, ila fahirisi za waandishi zingepungua.

Nimekaa sana kwenye malaria kwa sababu ndiyo inayotawala sayansi ya ukanda huu, na kwa sababu malaria ina wasomaji duniani kote. Mtaalamu wa molekuli anayeshughulikia mimea hana bahati hiyo. Septemba 2011 ugonjwa usiojulikana ulianza kukausha mahindi katika kaunti ya Bomet. Mwaka uliofuata Anne Wangai na wenzake walichapisha taarifa fupi sana, ya aina ambayo jarida hupenda kuiita ripoti ya kwanza, wakithibitisha kwamba ni virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja, kimojawapo kikiwa virusi vya madoa ya manjano ya mahindi ambavyo havikuwahi kuripotiwa Kenya. Kabla ya taarifa hiyo, mkulima aliyeona shamba lake likifa alikuwa akilaumu ukame au mbegu. Baada yake, kampuni za mbegu, wizara na vituo vya utafiti vilijua vinapambana na nini, na mbegu zinazohimili zikaanza kutafutwa. Ukurasa mmoja au miwili ya namna hiyo ina faida kwa watu wengi kuliko makala nyingi nene, na katika kanuni nyingi za kuhesabu alama za machapisho taarifa fupi huhesabiwa kuwa pungufu ya makala kamili.

Njoro nako kuna hali inayofanana. Aina ya kutu ya shina la ngano, ugonjwa wa kuvu, iitwayo Ug99, iliyoonekana kwanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitishia sehemu kubwa ya ngano ya dunia kwa kuwa iliishinda jeni ya kinga ambayo wazalishaji wa mbegu walikuwa wakiitegemea kila mahali. Tangu mwaka 2005 mashamba ya utafiti ya Njoro yamekuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili ishambuliwe na kutu hiyo kwa makusudi, na watu wa Njoro hupita mstari kwa mstari wakiandika asilimia ya shina lililoathirika. Takwimu hizo huenda kwa wazalishaji wa mbegu mabara yote. Mwenye jicho la kutofautisha doa la mmea unaohimili na doa la mmea unaokufa ana ujuzi unaochukua miaka kuupata. Mara nyingi malipo yake ni jina katikati ya orodha, au sentensi ya shukrani mwishoni mwa makala, na shukrani hazihesabiwi popote.

Hapo bado sijataja majina yenyewe. Hifadhidata za kunukuliwa zilibuniwa kwa mtu mwenye jina la ukoo moja lisilobadilika. Katika maabara moja ya Kisumu unaweza kuwakuta kina Otieno watatu na kina Wafula wawili, ambao programu ya kompyuta huwachanganya kuwa mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu cha kuandika kuhusu upasuaji, udongo na ushairi. Mwenye ng' katika jina lake hupata balaa la kinyume, kwa kuwa ile alama ya mkato huandikwa kwa namna tatu au nne kutegemea jarida, na mtu mmoja hugawanyika kuwa wanne, kila mmoja na fahirisi yake ndogo. Mwanamke aliyeanza kuchapisha kabla ya kuolewa na akaendelea kwa jina jipya hupoteza nusu ya kazi zake. Nambari ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, huponya sehemu kubwa ya matatizo haya, na sioni kwa nini kila mwanafunzi wa uzamili asilazimishwe kuwa nayo kabla ya kuchapisha.

Fedha nazo zina sauti yao. Jarida likiwa wazi kwa wasomaji wote, kwa kawaida makala hupata wasomaji wengi zaidi, lakini gharama humhamia mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, ada yake ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Yapo majarida yanayowapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, ila Kenya huhesabiwa katika kipato cha kati cha chini, kwa hiyo msamaha kamili hauji kila mara. Asiye na mfadhili wa kumlipia hurudi kwenye jarida lililofungwa, au, ikiwa anasukumwa na tarehe ya kuomba cheo, huangukia mikononi mwa majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa bei nafuu bila mhakiki kukigusa. Viwango vilivyowekwa mwaka 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilihitaji alama za machapisho kwa kila ngazi ya uhadhiri. Nia ilikuwa njema, na hakika ilimaliza enzi za mtu kuwa profesa bila kuandika. Ila palipo na alama za kuokota, watu hujifunza kuokota.

Wapo watakaoniuliza, nikiziondoa tarakimu, nitaacha nini. Hoja hiyo ni nzito kuliko wapinzani wa vipimo wanavyokiri, na kwa kweli sitaki ziondolewe. Tarakimu zina fadhila moja kubwa: hazijui umetoka kijiji gani, umeoa wapi, wala ulimpigia nani debe katika uchaguzi wa chama cha wafanyakazi. Katika vyuo ambavyo malalamiko ya ukabila katika uteuzi hayajawahi kukauka, mtafiti kijana asiye na mjomba kwenye baraza anaweza kuinyoosha fahirisi yake mezani na kudai haki. Jopo likiambiwa tu kwamba lijiamulie kwa hekima yake, tunajua hekima hiyo wakati mwingine hulala wapi. Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaotaka kufuta hesabu. Ninachotaka ni hesabu ziwe mlango wa kuingilia kwenye kazi yenyewe, kisha kazi isomwe, na uamuzi uandikwe kwa sababu zinazoweza kukatiwa rufaa.

Hili si wazo la pembeni. Waliokuwa wa kwanza kulisema kwa sauti kubwa ni wanabiolojia wenyewe: azimio la San Francisco lilitokana na mkutano wa mwaka 2012 wa chama cha wanabiolojia wa seli cha Marekani, nalo lilitaka kigezo cha athari cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 kuhusu matumizi ya vipimo vya utafiti ina kanuni 10, na ya tatu kati yake inasema wazi kwamba ubora wa utafiti unaohusu mahali fulani ulindwe. Kanuni hiyo ni kama imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Bomet mwenye virusi vya mahindi.

Kwa vitendo, chuo chochote cha magharibi kinaweza kuanza bila kusubiri Nairobi. Mgombea achague makala zake tatu tu, na kwa kila moja aandike nusu ukurasa: alifanya nini hasa, nani angeshindwa kufanya kazi hiyo bila yeye, na imetumiwa na nani nje ya majarida. Hapo ndipo vitaonekana vitu ambavyo fahirisi haivioni, kama vile mfuatano wa jeni uliowekwa GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya jeni, ukatumiwa na wengine, ukoo wa mbu unaofugwa na kugawiwa maabara nyingine, kipimo cha ugonjwa kinachotumika katika hospitali ya kaunti, au aina ya ngano iliyofika kwa mkulima wa Mau Narok. Fahirisi h iandikwe, ila ilinganishwe na ya watu wa fani hiyo hiyo na umri huo huo wa kazi, kwa kuwa mtaalamu wa kinga dhidi ya malaria na mtaalamu wa virusi vya muhogo hawachoti kisima kimoja. Mwandishi wa katikati apewe nafasi ya kueleza kwa nini yuko katikati.

Jopo litalalamika kwamba halina muda. Makala tatu za sayansi, kwa mtu aliye katika fani, ni kazi ya jioni moja. Wahakiki wa nje, ambao vyuo vyetu tayari huwaandikia barua kwa ajili ya cheo cha profesa, wanaweza kuombwa waeleze kwa aya mbili makala hizo ziligundua nini na zina kasoro gani, badala ya kutuma ile barua ya sifa inayoweza kubandikwa jina la mgombea yeyote. Na pale ambapo mhakiki ameshindwa kusema makala ilihusu nini, jopo lirudishe barua hiyo na kumtafuta mwingine.